Kushika Kamba Juu ya Meli Iliyozama

Vijana wa gatini, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya mitungi ya hewa ya mgongoni. Saa nimeitundika. Inakimbia, nadhani ina haraka ya kustaafu kuliko mimi. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Wabera, mbuzi wa jirani ananitafunia pembe ya mkeka, na ninaandika. Msitafute humu habari za vyeo wala mishahara. Kuna waliopata, kuna tuliokosa, na sote tumezeeka.

Hapa Isiolo swali ni moja tu, naulizwa msikitini, naulizwa kinyozini: wewe mtu wa ngamia, bahari uliitoa wapi? Wallahi wanaliuliza kana kwamba niliiiba. Jibu langu ni kwamba niliitoa kisimani.

Aliyenifundisha kazi alikuwa marehemu Galgalo, Mborana wa upande wa Kinna, na alinifundisha kabla sijajua kuwa hiyo ni kazi. Visima vya Waborana vinaenda chini sana. Wanaume husimama ukutani, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, wakirushiana ndoo za ngozi huku wakiimba, na maji yanapanda kwa wimbo mpaka kwenye hori la ng'ombe. Lakini kiangazi kikiwa kirefu matope hujaa, na lazima mtu ateremshwe kwa kamba akayazoe. Mimi ni Msomali, sikuwa na kisima wala haki ya kisima, ila nilikuwa na mikono. Galgalo alinipa kamba nikiwa na ndevu za kuhesabika, akaniambia, "Mshika kamba hana rafiki. Mtu akikusalimia, usiitike. Ukimwitikia kwa mdomo, mkono nao utamsikiliza."

Nyinyi mnaoshika kamba huku redio ya mpira iko sikioni, mmesikia.

Sasa lazima nimwingize baba, maana bila yeye nisingeteremka Mombasa. Sisi ni uzao wa askari. Babu aliletwa na Waingereza akiwa na bunduki, wakamwacha hapa akiwa na ngamia. Baba yangu, Jama, hakupenda bunduki wala ngamia. Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto alikwenda Mombasa akaandikwa kuchochea makaa kwenye meli ya mizigo. Wasomali wengi walifanya kazi hiyo, kwa sababu Wazungu walikuwa wameamua kwamba sisi joto halituumi. Mimi nilikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Meli ikapigwa kombora na nyambizi ikiwa imebakiza kidogo kufika pwani, ikazama. Baadhi ya mabaharia walitoka kwa mashua, wakaokotwa na meli nyingine, wengine wakapelekwa Adeni, wengine kusikojulikana. Jina la baba halikuletwa pamoja na ya waliokufa wala pamoja na ya waliopona.

Basi ukikosa maiti, watu wanakupa uvumi. Dereva mmoja wa lori alisema Jama ameonekana Adeni, ana mkahawa. Mwingine akamwongezea mke wa Kiarabu. Nilipobaleghe baba yangu alikuwa na watoto wanne Adeni na nyumba ya ghorofa, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwona kwa macho yake mwenyewe.

Aliyeumia ni mama. Sisi mama tunamwita Hooyo, na Hooyo wangu aliuza maziwa ya ngamia karibu na msikiti tangu sijui lini. Wazee walimshauri aende kwa kadhi, mumewe ahesabiwe amekufa, akae eda ya ujane, aolewe. Wachumba walikuja, mmoja alikuwa na ng'ombe hadi Oldonyiro. Hooyo aliwapa maziwa wakanywa, akawaonyesha mlango. Nilimsikia akimwambia mzee mmoja, "Nitakaaje eda ya mtu ambaye labda saa hii anakunywa chai Adeni? Kama amekufa, nimlilie. Kama ameniacha, nimlaani. Niambieni nifanye lipi." Hooyo alikaa miaka yote ile hawezi kulia wala kulaani, na mtu wa hasira kama yeye, hiyo ni adhabu kubwa.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, dereva aliyekuwa akipeleka ng'ombe pwani alirudi na habari kwamba kampuni fulani ya Mombasa inatoa mali kwenye meli ya wakati wa vita. Ilikuwa imebeba shaba, na sasa shaba ina bei. Akaitaja meli. Jina lile Hooyo alilijua kama Alhamdu. Aliweka kipimo chake chini katikati ya kumpimia mteja, akanitazama. Sikuhitaji kuambiwa. Asubuhi yake nilikuwa juu ya lori, na maneno yake ya kuagana yalikuwa, "Kaangalie kama baba yako alitoka. Shaba waachie wenyewe."

Ofisi ya kampuni ilikuwa kibanda cha mabati. Tajiri, ndivyo wote tulivyomwita mwenye kampuni, alikuwa Mzungu mfupi wa shingo nyekundu aliyejua Kiswahili cha matusi vizuri kuliko kile cha salamu.

"Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Unajua mashua?"

"Hapana."

"Sasa unajua nini, mjinga wewe?"

"Kushika kamba."

Akacheka. Lakini pembeni alikuwapo mzee mmoja amekaa juu ya sanduku, anabandika kiraka kwenye vazi zito la turubai na mpira. Huyo ndiye Mzee Bakari, mzamiaji, mwenyeji wa Mombasa aliyezaliwa mji wa kale. Aliniuliza bila kuinua kichwa, "Hebu nambie. Umeshika kamba, mimi niko chini. Mkeo aja mbio, akwambia nyumba yaungua. Wafanyaje?"

"Simjibu," nikasema. "Nikimjibu, mkono utamsikiliza."

Bakari aliacha kubandika. "Mwandike huyu," akamwambia tajiri. "Na kama hajui kuogelea ni bora zaidi. Hatashawishika kuruka."

Ndiyo siku niliyoingia kazini. Siku ya pili nilipanda mashua ya kazi, na nilitapika kila nilichokula tangu Nanyuki. Ndugu wawili wa Kwale waliozungusha gurudumu la pampu ya hewa waliniwekea kopo. Mzee Bakari akanipa jina hapo hapo: Ngamia. "Ngamia awekwa jangwani, huyu kaja kunywa maji ya chumvi!" Nililipinga jina hilo wiki moja, kisha nikaona linanifaa.

Vifaa vyetu nivitaje, maana vijana wa leo mmeviona makumbusho tu. Kofia ya shaba yenye vioo vitatu, nzito kama jiwe la kusagia. Viatu vya madini ya risasi. Kamba ya katani kiunoni, ndiyo uhai, na mpira wa hewa unaopanda hadi kwenye pampu. Hapakuwa na simu. Tulizungumza kwa kuvuta. Kuvuta mara moja ni salama. Mara mbili, nipe kamba. Mara tatu, nishushie kikapu. Mara nne, nitoe, na ikitoka juu kwenda chini maana yake toka. Na amri za Bakari zilikuwa chache: mzamiaji hagombani na mtu asubuhi, mshika kamba hapokezani na mtu mpaka kofia ivuliwe, na hakuna kula maharagwe siku ya kuzamia. "Kofia ile," alisema, "haina dirisha la kufungua."

Siku yangu ya kwanza ya kumshika nusura nifukuzwe. Kule visimani mkono haukai kimya. Unaimba moyoni, na kamba inakwenda na wimbo, ndivyo mtu wa chini anavyojua kuwa wa juu yuko macho. Mimi nikafanya vile vile. Wimbo wenyewe una mapigo manne. Baada ya muda maji yakafurika mapovu, Bakari huyo, anapanda hatua kwa hatua, anasimama njiani kama inavyotakiwa hewa isimdhuru, anapanda tena. Tulipomvua kofia alikuwa amefura.

"Kuna nini? Mashua yazama?"

"Hakuna kitu, Mzee."

"Mbona waniita?"

"Sikukuita."

"Hukuniita? Umenivuta mara nne, na nne tena, na nne tena! Nimedhani Kiyama kimesimama nimesahauliwa huko chini!"

Nikaeleza habari za visima. Ndugu wa Kwale walicheka hadi mmoja akakaa juu ya pampu. Bakari alinitazama, akasema, "Haya, wimbo ni mzuri. Uimbe na meno. Mkono uache." Tangu siku ile nimeshika kamba na meno yakisaga, na daktari wa meno wa Isiolo ananiuliza sababu.

Tulitoa shaba msimu mzima. Meli ilikuwa imeinama kidogo tu, chini ya pima kumi na mbili za maji nje ya mwamba, na shaba ilikuwa ndani ya tumbo la mbele, imepangwa kama mikate. Mimi sikuiona meli hata siku moja, kwa macho yangu. Niliijua kwa mikono. Bakari akitembea juu ya sitaha kamba ilikuja nyepesi, ikicheza. Akiingia tumboni mwa meli ilipinda kwenye ukingo wa chuma, nikahisi ule ukingo ukiilamba. Kila jioni niliipitisha yote vidoleni kutafuta mahali palipochubuka. Msiache kufanya hivyo. Kamba haikatiki siku inayokatika, hukatika siku usiyoikagua.

Habari za baba sikuzitoa haraka. Nilimwambia Mzee Bakari tukiwa tumeanza kuzoeana, tunakunywa kahawa ufuoni. Nikamwambia yote, Adeni na kila kitu, nikamwomba siku moja aingie chumba cha makaa aangalie.

Akakataa pale pale. "Mwanangu, usinikasirikie. Chumba kile kiko ndani ya ndani. Kina mlango mmoja. Hewa yangu yapita kwenye mpira, na mpira utapita mlangoni. Mlango ukijirudia, ni Inna lillahi. Mimi nina watoto. Sishuki."

Sikumkasirikia. Nilikasirika tu, kwa jumla. Nilirudi kwenye godoro langu nikageukia ukuta.

Shaba ilipokwisha, tajiri akataka zaidi. Kule nyuma ya meli kulikuwa na mitambo yenye vyuma vya thamani, na njia rahisi ya kuifikia ilikuwa baruti. Bakari ashuke, ategeshe, meli ipasuliwe mgongo. Chumba cha makaa kilikuwa katikati ya mahali hapo. Baada ya baruti kusingebaki cha kuangalia, na mimi ningerudi Isiolo nimwambie Hooyo kwamba nilikaa juu ya jibu lake msimu mzima nikavuta kamba.

Jioni ile Bakari alinifuata mwenyewe, amebeba viatu mkononi. "Hebu nambie tena habari za mamako."

Nikamwambia.

"Ati hawezi kulia wala kulaani?"

"Hawezi."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

"Astaghafirullahi." Akakaa mchangani. "Mama wa watu amefungwa. Nitashuka. Lakini sikiza, Ngamia. Nitakachokikuta ndicho nitakachokwambia. Sitakutilia sukari."

Nikakubali.

Alishuka asubuhi, bahari ikiwa imelala. Alichukua taa, mtaimbo na kisu. Tajiri alidhani anakwenda kupima mahali pa baruti. Nilimhisi akipita sitaha, akipinda mara ya kwanza, akipinda mara ya pili. Kisha kamba ikasimama. Halafu ikaanza kutetemeka, mapigo mafupi, chuma kwa chuma. Alikuwa anagonga. Aligonga, akapumzika, akagonga. Ikaenda hivyo hadi jasho langu likakauka na kutoka upya.

"Anafanya nini huko?" tajiri akauliza.

Sikujibu.

"Wewe! Nakuuliza!"

Sikujibu. Akanitukana, akamtukana na mama yangu, na hata hilo sikulijibu, ingawa nililiweka akiba. Mapigo yakaisha. Kamba ikaenda ndani polepole, mkono mmoja, mkono wa pili. Akavuta mara moja: salama. Kisha kimya kirefu. Niliogopa, na ninaandika hivyo hivyo. Nilikuwa nimemtuma baba wa watoto wa watu kwenye shimo lenye mlango mmoja, kwa ajili ya shida ya nyumbani kwangu. Kama angebaki kule ningemwambia nini mkewe?

Akavuta mara nne.

Tulimtoa kwa utaratibu, tukimsimamisha njiani, na kila kituo kilikuwa kirefu kama mfungo. Tulimvua kofia. Aliomba maji matamu, akanawa uso, akanywa. Kiunoni alikuwa amefunga birika dogo la shaba, limeota kutu ya kijani na magamba ya chaza.

"Wapo," akasema.

Nikaweka kamba chini.

"Sikuwahesabu. Haifai. Wapo karibu na mlango, wote pamoja." Akanigeukia. "Mlango ulikuwa umefungwa, Ngamia. Makomeo yote yalikuwa upande wangu mimi, upande wa nje. Ndiyo niliyokuwa nikigonga. Meli ikipigwa milango ya chini hufungwa, maji yasiende mbele. Ndiyo sheria yao. Kama aliyefunga alijua mna watu, Mungu amjua."

Mmoja wa ndugu wa Kwale akaacha gurudumu la pampu, akashika kichwa.

"Kuna yeyote angeweza kutoka?" nikauliza.

"Hata panya. Birika hili lilikuwa pale mlangoni, ndilo nililoweza kulichukua bila kumgusa mtu. Mlango nimeurudishia kama nilivyoukuta." Kisha akamwita tajiri, akamwambia kwa adabu kabisa, "Baruti sitegi. Mle mna maiti, na wengine ni Waislamu. Wataka vyuma vile, vaa kofia hii ushuke mwenyewe."

Tajiri alipiga kelele siku nzima. Lakini mzamiaji mwingine hakuwa naye, na shingo yake haikuingia kwenye kofia. Mwishowe aliridhika na rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma meli, ambayo tuliikata kutoka nje, na meli ikaachwa.

Nikaomba ruhusa, nikapanda kwenda nyumbani na birika ndani ya gunia la mkonge. Kutoka Mombasa hadi Isiolo una muda mwingi wa kufikiri, hasa ukikaa juu ya magunia ya mchele. Nilipanga hivi: nitampa Hooyo birika, nitamwambia baba alifia kwenye meli, Mungu amrehemu. Habari za mlango nitazimeza. Mwanamke mzee haambiwi kwamba mumewe alifungiwa ndani na binadamu wenzake. Nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake, na nilidhani hasira ya mtu mmoja inatosha nyumba moja.

Nilimkuta uani anafukiza vyombo vya maziwa kwa kaa la moto. Tukasalimiana. Nikaweka birika mbele yake. Nililileta lilivyo, sikulisafisha.

Hooyo alilitazama bila kuligusa. Kisha akalipindua. Kwenye kitako, akalikwangua kwa ukucha, kisha kwa kisu, na ikatokea senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati, imepigiliwa ribiti kwenye tundu lake ili izibe mahali palipotoboka.

"Kiraka hiki kilipigwa hapa sokoni," akasema. "Mimi ndiye niliyelishika birika, fundi akipiga nyundo. Alinigonga kidole." Akanionyesha kidole, kana kwamba bado kinauma. "Birika lake la kutawadhia. Lilikuwa wapi?"

"Kwenye chumba cha makaa, Hooyo. Ndani ya meli. Mzamiaji amelitoa. Baba alifia humo."

"Umejuaje?"

"Birika ni lake."

"Birika ni lake, naam. Hakuliacha hata akienda kulala. Lakini birika si mtu. Mtu akisikia kishindo hukimbia, akaacha hata kikoi. Wengine walitoka, sivyo? Walipanda mashua."

"Hooyo, inatosha."

"Inakutosha wewe!" Alisimama. Sijapata kumwona na macho yale. "Miaka yote watu wananiambia inatosha. Mwingine anatoka Adeni, ananitosheleza. Mwingine anatoka kwa kadhi, ananitosheleza. Sasa na wewe uliyenyonya hapa! Huyo mzamiaji aliingiaje? Palikuwa na mlango?"

"Palikuwa na mlango."

"Ulikuwa wazi?"

Mtu aliyelelewa na mama peke yake hawezi kumdanganya mbele ya macho yake. Nikasema, "Ulikuwa umefungwa."

"Upande gani?"

"Nje, Hooyo. Makomeo yalikuwa nje. Waliokuwa ndani wasingeweza kutoka hata wangetaka. Wamekutwa wote mlangoni."

Nilingoja apige ukemi. Nilikuwa tayari kumshika asianguke.

Hooyo aliketi chini taratibu. Akaweka birika mapajani, akalifunika kwa ncha ya mtandio.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hakuniacha."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, hakuniacha, akarudia tena, akageukia upande wa jirani aliyekuwa akitwanga ng'ambo ya ua, akamwambia kwa sauti, "Mama Dahabo! Jama hakuniacha! Alifungiwa!" Ndipo akalia. Alilia mpaka kaa la kufukizia likazimika, na mimi pia, na Mama Dahabo aliyeruka ua akaja kulia bila kujua sawasawa kilio ni cha nini. Mimi yule aliyefunga mlango nimemkasirikia hadi leo. Hooyo hakumuulizia hata mara moja.

Ijumaa ile baba alisaliwa sala ya maiti aliye mbali, na msikiti ulijaa, wakiwemo waliompa nyumba ya ghorofa Adeni. Kisha Hooyo akatangaza kwamba anakaa eda. Sheikh akaja kumweleza kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, kwa hiyo ya kwake ilikwisha zamani, hana wajibu wowote.

"Ya kwenu imekwisha," Hooyo akamwambia. "Ya kwangu haijaanza."

Sheikh alikuwa mtu mwenye busara. Alikunywa maziwa, akaenda zake.

Akakaa miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila manukato wala wanja, ndani ya chumba kimoja. Wanawake wa Wabera walikuja zamu kwa zamu, naye akawasimulia Jama: alivyokuwa akicheka, alivyoshindwa kukamua ngamia, alivyokula ugali kwa shida. Mimi mwanawe nilimjua baba yangu miezi ile, nikisikilizia ukutani. Ruhusa yangu ilikwisha, nikakaa. Tajiri alituma salamu zisizoandikika. Mtu lazima auze maziwa, kwa hiyo mshika kamba wa Mombasa akasimama karibu na msikiti na kibuyu, na wateja walilalamika kwamba kipimo changu ni kidogo. Hakikuwa kidogo. Hooyo alikuwa akiwazidishia.

Nilirudi kazini baada ya hapo, na Mzee Bakari alipoambiwa mambo yalivyokwenda alifuta macho, akasema ni moshi wa sigara ya tajiri. Meli tulizozifuata miaka ya themanini mnazijua, nyingi mlikuwapo, na makosa yangu mnayahadithia kuliko ninavyoweza mimi. Kwa hiyo naishia hapa Isiolo, asubuhi Hooyo alipotoka eda.

Alioga, akavaa nguo ya rangi, akabeba vyombo vyake mwenyewe akanikataza kumsaidia. Nilimfuata kwa nyuma. Akaketi mahali pake pa siku zote, akafungua kibuyu. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyetoka Kinna, ambaye hakuwa amesikia lolote.

"Salaam aleikum, mama. Ulipotea wapi? Tulidhani umeumwa."

"Aleikum salaam. Nilikuwa edani."

"Edani! Eda ya nani tena, umri huu?"

Hooyo alimmiminia maziwa, akajaza hadi juu, akaongeza kidogo. Akafuta kipimo na ncha ya nguo.

"Ya mume wangu," akasema. "Alikufa kazini."